Sikio la Bibi Limekwenda Wapi?

Ukurasa huu umezoea kuhakiki riwaya na diwani za watu wazima. Leo naomba niutumie kwa kitu ambacho wengi wetu hatukihesabu kuwa ni fasihi: ngano zilizosimuliwa na watoto wa shule ya msingi, mwalimu wao akazirekodi kwenye kishikwambi, akaziandika upya, kisha akazisambaza kwa simu kwa jina la "hadithi zilizotungwa na wanafunzi". Watoto wenyewe ni wa Shishiyu, wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Ngano ziko kumi na moja. Zote nimezisikiliza kwa sauti za wenyewe na zote nimezisoma kwenye maandishi, tena si mara moja. Hukumu yangu naitoa mapema ili mwenye haraka zake aruke ukurasa: sauti ni fasihi, maandishi ni danganya toto.

Shule siitaji, na mwalimu simtaji. Si mtu mbaya. Ni mwalimu aliyetumia bando lake na chaji yake, baada ya vipindi, kufanya jambo ambalo hakuna mkaguzi atakayemuuliza. Wangapi wamefanya hivyo? Lakini kazi ikishatolewa mbele za watu imekuwa ya watu, na huruma haimsaidii mtunzi. Sisi tunaotaka kuandika tunalijua hilo kwa machungu.

Tuanze na ngano iliyo kubwa kuliko zote, ya Shing'weng'we. Aliyelelewa Usukumani hahitaji kusimuliwa, ila kwa mwenzangu wa Temeke au Arusha nitaidokeza. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote wa dunia, na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye lundo la pumba. Mwanamke akajifungua mtoto wa kiume, Masala Kulangwa. Mtoto alipopata akili akauliza: mama, watu wako wapi? Alipoambiwa, akatoka kwenda kulitafuta zimwi. Akaua panzi, akamletea mama: ndiye huyu? Mama akasema siye, huyo ni panzi. Akaua ndege: ndiye? Siye. Akaua mnyama mkubwa zaidi: siye. Mpaka siku alipokutana na lenyewe, akaliua, akalipasua tumbo, watu wakatoka hai, baba yake akiwemo. Lakini katika kupasua, kisu kikamkata sikio bibi mmoja mzee. Bibi akaja juu, akamtukana, akataka kumroga. Watu wakamlinda kijana wao, wakatafuta dawa, bibi akatibiwa sikio likapona. Ndipo yakaisha.

Ngano hii ina ndugu wengi. Wasotho wa kusini wanaye Senkatana aliyeliua zimwi Kholumolumo. Na pale Unguja, Edward Steere alikuta kisa cha Nunda mla watu, akakichapa katika mkusanyiko wake wa mwaka 1870: kijana anaua mnyama mmoja baada ya mwingine na kila mara anamuuliza mama kama ndiye Nunda, mama anamwambia siye. Swali lilelile la Masala Kulangwa! Misafara ya pembe za ndovu ilipita Unyamwezini na Usukumani ikaenda pwani na kurudi. Sijui nani alimpa nani, ila mizigo haikuwa pembe tupu. Nalisema hili kwa sababu wapo watakaodai ngano ni lazima ibaki "kama ilivyokuwa". Ilivyokuwa wapi, Unguja au Maswa?

Sasa msikilize binti wa darasa la nne aliyeisimulia Shishiyu. Anasimulia kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, kama wali wenye choroko. Anaanza kwa kutega: kalagu! Darasa zima: kize! Hiyo ndiyo desturi ya kwao ya vitendawili, kama sisi tunavyosema kitendawili, tega. Yeye kaifanya mlango wa ngano. Kisha anaanza mambo yake. Zimwi lake halimezi watu na ng'ombe tu. Linameza bodaboda pamoja na abiria wawili, linameza mnara wa simu, linameza mwalimu wa zamu na fimbo yake mkononi. (Hapo darasa linacheka mpaka rekodi inakoroma.) Na mama mjamzito hajifichi kwenye pumba. Anajificha kwenye pamba.

Unaweza kudhani ulimi umeteleza. Endelea kusikiliza. Pamba hiyo imevunwa, imelundikwa ndani ya nyumba, inasubiri mnunuzi ambaye hajafika. Mama anajizika humo abaki pua. Shing'weng'we linaingia, linaangalia, kila kitu cheupe. Linaonja kidogo, pamba inalikaba kooni, linakohoa, linatoka nje likikohoa, na ndiyo maana, anasema binti, mpaka leo ukisikia mtu anakohoa usiku ujue kuna aliyeokoka. Jamani! Nimesoma riwaya zenye tuzo ambazo hazina sentensi kama hiyo. Simiyu ni nchi ya pamba, kila mtoto pale amewahi kulala chumba kimoja na mavuno. Huyu mtoto kachukua herufi moja, kaigeuza, na ngano ya mababu ikaingia nyumbani kwao.

Fungua maandishi ya mwalimu. Pamba hakuna. Kuna pumba. Kasahihisha! Na alipokwisha kurudisha pumba, kikohozi kikakosa sababu, nacho kikafutwa. Bodaboda imeondoka, mnara umeondoka, na mwalimu wa zamu, kama unavyotegemea, ndiye aliyeondoka wa kwanza. Mwisho umefungwa kwa mstari mnaoujua wote: hadithi hii inatufundisha kuwa jasiri na kuwatii wazazi.

Kuwatii wazazi? Katika masimulizi ya binti, mama anamkataza mtoto asiende, mara tatu, na mtoto anakwenda mara tatu. Angetii, tungekuwa wote tumboni mpaka leo. Fundisho hilo halikutoka kwenye ngano. Lilikuwa limekaa kwenye daftari la maandalio ya somo likisubiri hadithi yoyote ipite karibu. Ugonjwa huu si wa Shishiyu peke yake. Shuleni tumefundishwa fani na maudhui, dhamira na ujumbe, na kwa miaka minne ya sekondari tumejibu maswali ya mtihani kana kwamba hadithi ni bahasha na ujumbe ni barua: chana, toa, tupa bahasha. Mtoto wa miaka kumi anapewa bahasha tupu aipende. Halafu tunashangaa vijana hawasomi.

Lakini pumba na fundisho ni madogo. Kubwa ni sikio. Katika maandishi ya mwalimu, Masala Kulangwa anapasua tumbo, watu wanatoka, wanacheza ngoma, basi. Hakuna bibi, hakuna sikio, hakuna hasira, hakuna dawa.

Nilimuuliza. Jibu lake lilikuwa zito, na sitalipunguza uzito ili nishinde. Alisema: "Mdogo wangu, hawa watoto wana bibi zao nyumbani. Nikiwaachia kikongwe anayetaka kuroga, tena niwachapie, nisambaze, nitakuwa nimewapa nini?"

Tusizunguke. Usukumani ni mahali ambapo vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi. Hesabu za serikali ambazo msomi Simeon Mesaki alizifanyia kazi zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu zaidi ya 3,000 kwa mambo ya uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilikuwa Mwanza na Shinyanga. Maswa wakati ule ilikuwa ndani ya Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Mauaji hayakukoma mwaka 1984. Bibi aliyepikia moshi maisha yake yote, macho yakawa mekundu, aliweza kufa kwa ajili ya macho hayo. Mwalimu anayefundisha katika nchi hiyo akiogopa neno "kuroga" ndani ya hadithi ya watoto, si woga wa kipuuzi.

Ila mimi nasema kakata mahali pasipopaswa. Itazame ngano ilivyo. Bibi hakuanza. Alikuwa tumboni mwa zimwi kama wenzake. Kisu cha shujaa ndicho kilichomjeruhi, na alikuwa na haki ya kukasirika. Na watu waliookolewa juzi tu, wanaompenda kijana wao, wanafanya nini wanaposikia kikongwe anatishia kuroga? Hawachukui panga. Wanatafuta dawa ya sikio. Ngano ya Wasukuma wenyewe inasema, bila mahubiri, kwamba mzee mwenye hasira ana kidonda mahali fulani. Ukiifuta sehemu hiyo unabaki na zimwi lililouawa na kijana aliyeshangiliwa, yaani unambakizia mtoto kisu. Mambo ya uchawi atayasikia hata hivyo, kisimani na gulioni, kwa watu ambao hawatamwambia habari ya dawa.

Nampa mwalimu hoja moja, na ni ngumu. Alipokuwa akisimulia bibi mwenyewe, mtoto alimwona: macho mekundu ndiyo hayo, sikio ndilo hilo, na mkono uliomlisha ugali ndio huohuo unaoonyesha jinsi kisu kilivyopita. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio: kuna fanani, kuna hadhira, kuna mahali na wakati. Ukiitoa ngano kwenye tukio lake ukaituma kwa simu, inafika kwa mtu usiyemjua, saa usiyoijua, labda kipande cha nusu dakika kilichokatwa na mtu anayetaka kuchekesha. Bibi wa kwenye simu hana mkono wa kulisha ugali. Kwa hiyo kufuta maneno hakutoshi kuitwa tahadhari, na kuyaacha ovyo hakutoshi kuitwa ujasiri. Njia ninayoiona ni kutuma sauti nzima pamoja na maandishi, na ndani yake kusikike nani anasimulia na kaipata kwa nani. Binti wa pamba anasema waziwazi mwanzoni: niliambiwa na bibi mzaa mama. Maneno hayo nayo yamefutwa.

Mwalimu haya hakuyabuni peke yake, kayakuta njiani. Simiyu ilikuwa moja ya mikoa ya mradi wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 2014. Ndani yake mlikuwa na mpango wa Utayari wa Shule kwa watoto ambao hawakupata elimu ya awali, wengi wakiwa hawazungumzi Kiswahili nyumbani, na masomo yake yalijengwa juu ya hadithi. Wazo zuri sana. Watoto walisikiliza, wakaimba, wakarudia. Lakini hadithi zilikuja zimekwisha, zimefungwa kwenye kitabu; mtoto alikuwa mgeni mwalikwa.

Huko Tanga ndiyo kabisa. Mashindano ya Global Learning XPRIZE, yaliyotangazwa mwaka 2014, yalipeleka vishikwambi kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji takriban 170 kuanzia mwisho wa 2017, programu zote kwa Kiswahili, bila mwalimu. Baada ya miezi 15 watoto wengi ambao hawakujua kusoma neno hata moja walikuwa wanasoma, na mwezi Mei 2019 onebillion na Kitkit School wakagawana dola milioni 10. Siwezi kuyabeza mafanikio hayo. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuwa msomaji wa jarida hili. Ila kilichopimwa kilikuwa kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto aliyebuni zimwi linalokohoa pamba hakuwa na kisanduku cha alama zake. Na kisichopimwa, mshikaji, kinakufa njaa.

Kishikwambi cha Shishiyu kina historia yake pia. Ni katika vile vilivyonunuliwa kwa Sensa ya Agosti 2022, kisha serikali ikavikabidhi kwa walimu. Kwanza kilipita nyumba hadi nyumba kikiuliza mko wangapi, mna choo cha namna gani, mna mbuzi wangapi. Leo kimekaa juu ya dawati kinauliza mna ngano gani. Nakipenda kwa kazi hiyo ya pili. Kina maikrofoni, kina kamera, na kwa mtunzi wa miaka kumi hiyo ni mitambo tosha kabisa. Wanaolia kwamba bila kompyuta arobaini hakuna kitakachofanyika wanatafuta sababu ya kulala.

Kuna mwalimu mmoja Mfaransa napenda waandishi chipukizi wamjue, Célestin Freinet. Alirudi kutoka vita ya 1914–1918 na mapafu yaliyoharibika, hakuweza kuhutubia darasa siku nzima. Mwaka 1924, katika kijiji cha Bar-sur-Loup, akanunua mashine ndogo ya chapa, akaipeleka darasani. Watoto waliandika walichokiona na walichokiota, darasa likachagua, kisha wakapanga herufi za risasi kwa vidole vyao, moja moja, wakachapa, wakatuma kwa watoto wa shule nyingine mbali huko Brittany, nao wakajibu. Ona tofauti: mashine ilikuwa mikononi mwa watoto, na msomaji alikuwa mtoto mwenzao anayeweza kujibu. Mwalimu hakusahihisha pamba ikawa pumba, kwa sababu mtoto aliyepanga p-a-m-b-a kwa risasi alijua anachofanya.

Na yakamkuta. Alipohamia Saint-Paul, maandishi ya mtoto mmoja aliyeota darasa limemwasi meya yalibandikwa ukutani na wapinzani wake kuwa ushahidi dhidi yake, na mwaka 1933 akaondoka kwenye shule za serikali. Kwa hiyo simwambii mwalimu wetu kwamba kumwacha mtoto aseme ni jambo la bure. Lina bei. Nilitaka tu ajue kuna aliyeilipa.

Sasa suala la lugha, ambalo katika mambo haya watu hulipita kwa vidole. Ngano tatu kati ya kumi na moja zilisimuliwa kwa Kisukuma kitupu. Hizo ndizo zilizoteseka zaidi. Moja ina dakika tisa za sauti. Kwenye maandishi imekuwa aya mbili. Najua Kiswahili ndicho lugha ya shule ya msingi tangu mwaka 1967, na mimi mwenyewe nakula na kuandika kwa Kiswahili, sitaki siasa za ukabila humu. Lakini dakika tisa kuwa aya mbili si tafsiri, ni mnyororo wa mwizi. Kumbukeni jirani yetu wa Ukerewe, Aniceti Kitereza. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupatikana wa kuichapa. Ikabidi uzeeni aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kitabu kikatoka 1980, na yeye akafariki 1981. Hakufupisha. Aliwavusha Kikerewe chote mpaka ng'ambo, na methali zake na pombe zake na magonjwa yake, na ndiyo sababu kitabu ni kinene vile. Ndiye kipimo changu cha mtu anayeingiza lugha ya kwao ndani ya Kiswahili. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini na kufunguliwa mwaka 2014, inaruhusu hadithi ileile kukaa kwa lugha nyingi na mtu yeyote kuitafsiri upya bure. Teknolojia ya kuweka dakika tisa za Kisukuma kando ya Kiswahili chake ipo. Uvivu nao upo.

Na jina. "Zilizotungwa na wanafunzi" ni nani huyo? Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 imetaja hata kazi za sanaa za jadi kuwa zinalindwa, maana watunga sheria waliona ngano inaweza kuibwa kama kuku. Sisemi jina kamili la mtoto lizagae kwenye simu za watu. Hilo ni hatari kwake. Jina la kwanza, darasa, kijiji, na aliyemsimulia, vinatosha. Siku binti wa pamba atakapokuwa na miaka ishirini na akaona kikohozi chake kwenye kitabu cha mtu, awe na mahali pa kuonyesha kidole.

Nimesema sana mabaya, nimalizie na ile iliyo bora kuliko zote, ambayo mwalimu, labda kwa uchovu, hakuiandika upya kabisa. Ni ngano ya Sungura na Fisi kugombea maji ya lambo. Wasimulizi ni wavulana watano, wachungaji wote, wanapokezana. Hawakuwa na kitabu cha picha, wakachukua chaki (Maswa ipo kazi ya vijana ya kutengeneza chaki, kwa hiyo mitambo yote ni ya nyumbani) wakachora ubaoni tukio moja, mwalimu akapiga picha, wakafuta, wakachora la pili. Picha sita. Sauti ikawekwa juu yake. Fisi wao ana mkanda wa suruali na kitambulisho cha shingoni, anakusanya ushuru wa maji. Nani alimwajiri hatuambiwi. Sungura analipa kwa ahadi. Kila picha ina vumbi la ile iliyofutwa kabla yake, kwa hiyo nyuma ya Fisi wa picha ya nne unamwona bado Fisi wa picha ya tatu, kama kivuli chake cha jana. Mchoraji wa mjini angetumia siku nzima kutafuta kitu hicho.

Picha ya sita ni lambo lenyewe, duara tupu. Msimulizi wa mwisho anasema maji hawajayachora kwa makusudi: shule itakayopokea ijaze kilichomo, irudishe. Ilitumwa hivyo, na shule moja jirani imejibu. Wamechora mamba, kavaa kofia, na sauti ya mtoto inasema Fisi alikuwa kibarua tu, mwenye ushuru ni huyu. Mamba, Maswa! Shishiyu bado hawajajibu, maana kishikwambi kilikuwa hakina chaji.